Mtoto Aliyeandikwa Ndiye Anayepangiwa

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona tuongee juu ya serikali na watoto wetu. Swali tunaulizwa kila mara, darasani na hata kwenye foleni ya maji: mwalimu, hizi sheria za watoto ni za wenyeji peke yao, au na sisi tumo?

Tumo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inataja kila mtoto. Inampa haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makao na matibabu, na kulindwa na mateso na kazi za hatari. Baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imetia nguvu mambo haya.

Nani anafanya nini?

Hapa ndipo wengi tunapotea njia. Tangu 2013 kuna serikali ya taifa na serikali za kaunti 47. Chekechea na zahanati ni kazi ya kaunti, na kwetu ni Turkana. Shule ya msingi na sekondari, usajili wa vizazi na mambo ya wakimbizi ni kazi ya taifa. Kambini tumezoea kwamba mashirika ndiyo yanafanya karibu yote. Lakini Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao lengo lake ni wakimbizi na wenyeji watumie huduma za pamoja. Basi ni vizuri tujue mlango wa kubisha.

Sasa sikilizeni, ndugu. Ofisi inapopanga chanjo, walimu na madawati, inaangalia hesabu. Sura ya mtoto wako haiioni. Asiyeandikwa, kwao ni sifuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtoto anapita mali yote.

Tusidanganyane, haki ya kwenye karatasi bado si dawati. Madarasani kwetu watoto wanabanana, na kitabu kimoja wanasoma wengi. Lakini tutadai vipi nafasi ya mtoto ambaye hakuna karatasi inayomtaja?

Mambo matatu ya kufanya

Kwanza, usajili. Mtoto aandikishwe kabla ya miezi 6, maana ukichelewa mambo yanakuwa marefu. Mama aliyejifungulia hospitali asitoke bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Aliyejifungulia nyumbani aende zahanati ya karibu mapema, aulize hatua za kufuata. Wengine wanaogopa kwamba cheti kitamfunga mtoto asirudi kwao. Sivyo. Hakimfanyi Mkenya, wala hakimzuii kurudi. Kinasema tu amezaliwa lini, wapi, na wazazi wake ni nani. Pia hakikisha jina lake limeingia kwenye karatasi ya familia.

Pili, chanjo. Zinaanza siku ya kuzaliwa, halafu wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua na rubela ni miezi 9, na inarudiwa miezi 18. Hiyo ya mwisho wengi wanaisahau kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia. Kadi itunzwe pamoja na karatasi za familia.

Tatu, shule. Chekechea ni miaka miwili kabla ya darasa la kwanza, tusiiruke. Msichana naye asibaki nyumbani kulea wadogo zake. Na shuleni fimbo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Hilo linatuhusu sisi walimu kwanza. Mtoto akiteswa popote, piga 116. Ni bure, mchana na usiku.

Mkutano wa bloku ukifika, tusiishie kuulizana mgao wa chakula tu. Tuulize pia: hapa kwetu watoto wangapi hawana cheti? Wangapi hawajamaliza chanjo? Wangapi hawaji shule? Tuandike idadi, mwenyekiti aipeleke ofisini. Hapo hakuna atakayesema hakujua.