Je, Wajua? Bingwa wa Wimbledon Aliyelelewa na Nyanya

Huko Homa Bay na Migori, majina ya wachezaji wa klabu ya soka ya Gor Mahia hutajwa kila siku. Angella Okutoyi naye astahili kutajwa hivyo. Mzaliwa huyu wa Nairobi (2004), aliyelelewa na nyanya yake, ndiye Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana katika tenisi.

Julai 2022, katika fainali ya taji hilo kule Wimbledon, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3–6, wakachukua ya pili 6–4, kisha wakaponea kwa 11–9 katika pointi za kuamua mshindi. Na waliwashinda akina nani? Mmoja wao ni Victoria Mboko wa Kanada, binti wa wazazi Wakongo, aliyekuja kunyakua ubingwa wa Montreal mwaka 2025!

Okutoyi aliongeza dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Accra, 2024.