Kuanzisha kanisa jipya mjini: Kwa nini mchungaji anawahitaji wachungaji wenzake

Jumapili asubuhi, mitaa ya Mbagala, Tabata au Gongo la Mboto jijini Dar es Salaam huamka na maandalizi ya ibada. Viti vya plastiki vinapangwa, maturubai yanakazwa, spika zinajaribiwa. Mtaa mmoja unaweza kuwa na makanisa matatu au manne. Halafu anakuja mchungaji mwingine, ana wito, familia na akiba kidogo, anataka kuanza la kwake. Aanzie wapi?

Wengi hukimbilia kutafuta eneo. Kumbe hatua ya kwanza ni kuwatembelea wachungaji waliopo.

Kupiga hodi kwanza

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Hakuna kanisa linaloweza kuwafikia wote, hivyo nafasi ipo. Lakini anayeingia kimyakimya huonekana amekuja kuiba kondoo wa wenzake.

Maneno machache tu hupunguza hofu hiyo: "Bwana asifiwe, baba mchungaji. Nimepanga kuanza ibada huku, nimeona nipite kwako kwanza."

Mazungumzo hayo humpa mgeni mambo ambayo hawezi kuyapata mtandaoni: bonde gani hujaa maji wakati wa masika, mwenye nyumba yupi hupandisha kodi mpangaji akishakarabati, na kama daladala hupatikana watu wakitoka ibada ya jioni.

Usajili na kelele

Tanzania Bara, taasisi za dini husajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya aliye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Ndiyo maana baadhi huanza kama tawi la dhehebu ambalo tayari limesajiliwa. Aliyewahi kupita njia hiyo atamweleza mwenzake namna ya kuandaa katiba na aanze na ofisi ipi, badala ya kuzunguka na bahasha miezi kadhaa.

Kuna pia kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) huzifuatilia. Mchungaji aliyewahi kugombana na majirani atamwambia mapema: geuza spika ziangalie ndani, na kabla ya mkesha muone mwenyekiti wa mtaa.

Sadaka isiingie kwenye simu yake

Hapa ndipo makanisa machanga huvunjikia. Mwanzoni waumini ni kumi, sadaka ni elfu chache, inatumwa kwenye namba ya mchungaji. Hakuna anayeuliza. Wakifika themanini, mtu anauliza, na hakuna daftari la kumjibu.

Somo la waliokwisha kuungua ni rahisi: wahesabu watu wawili au watatu, waandike, wasaini. Akaunti iwe kwa jina la kanisa, na mke wa mchungaji asiwe mhasibu.

Muumini anayehama

Siku moja atakuja mtu na hasira zake kutoka kanisa jirani. Viti viko wazi, kishawishi ni kumpokea bila swali. Lakini huenda ameacha madeni ya upatu, au huenda ameumizwa kweli.

Wachungaji wanaoelewana huulizana, kwa ridhaa ya mhusika. Ila kama anasema amedhulumiwa au kunyanyaswa, siri yake haipelekwi kwa anayemlalamikia, na urafiki wa wachungaji usiwe sababu ya kumrudisha. Kama kuna kosa la jinai, huko ni polisi.

Wa kumwambia hapana

Mwaka 2023, huko Shakahola, Kilifi nchini Kenya, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika eneo walilokaa wafuasi wa mhubiri mmoja. Swali likabaki: nani humhoji mhubiri asiye na wa kumuuliza?

Mchungaji anayeanza peke yake huzungukwa na watu wanaomwita baba na kumwambia ndiyo. Anahitaji wenzake wawili au watatu wa kukutana nao kila mwezi, wanaoweza kumuuliza kuhusu fedha, ndoa na mafundisho yake. Haohao ndio atawaambia kwamba kodi ya nyumba imemshinda au kwamba amechoka, mambo ambayo ni vigumu kuyasema madhabahuni.

Si kila ushauri ni wa kubebwa mzima. Ibada ya mchana inayowafaa wafanyabiashara wa Kariakoo inaweza kukosa watu Chanika, ambako wengi hurudi usiku. Mgeni asikilize, apime, kisha aamue.

Na miaka michache baadaye, hodi itapigwa mlangoni kwake. Atakumbuka alivyopokelewa.