Mkate wa Tende: Tuuoke, Lakini Tujue Tunachokula



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia jikoni. Akina mama wengi wametuuliza habari za mkate wa tende. Je, ni kweli kwamba mgonjwa wa kisukari anaweza kuula bila hofu? Je, ni kweli kwamba tende zinamwongezea damu mama mjamzito? Wengine wameomba tu tuwaeleze namna ya kuuoka kwa jiko la mkaa. Tutayajibu yote matatu.

Tende si ngeni kwetu. Tangu zamani majahazi yalizileta kutoka Omani na Basra kwa upepo wa kaskazi, zikiwa zimeshindiliwa katika makanda, zikauzwa Unguja, Mombasa na miji mingine ya pwani. Mtende wenyewe una ndugu yake hapa kwetu, nao ni mkindu, ule unaotupatia ukindu wa kusukia mikeka. Siku hizi tende zinapatikana hata katika masoko ya bara, hasa karibu na mwezi wa Ramadhani, na familia nyingi zimezoea kuokea mkate wakati wa sikukuu.

Yaliyotufundisha

Mama mmoja wa makamo, mwenye kisukari cha miaka mingi, alifika kliniki baada ya sikukuu akiwa na kidonda cha mguu kisichokauka. Tulipompima, sukari ilikuwa imepanda sana. Tukamwuliza kama amerudia kunywa soda au chai ya sukari. Akakataa, na alisema kweli. Binti zake, kwa kumpenda, walikuwa wamemwokea mkate wa tende usiotiwa hata kijiko kimoja cha sukari, naye alikuwa akila vipande viwili asubuhi na viwili jioni, wiki nzima, akijua ni dawa.

Hatukuweza kuwalaumu mabinti wale. Sisi wauguzi ndio tuliomwambia, "Acha sukari," tukaishia hapo. Hatukumweleza kwamba sukari haikai katika kopo la sukari peke yake. Mguu ule ulipona baada ya miezi mingi ya kusafishwa na kufungwa, lakini vidole viwili vilikatwa. Tangu siku hiyo tumejifunza kuuliza kila mgonjwa anakula nini, siyo tu anaacha nini.

Kilichomo ndani ya tende

Katika gramu 100 za tende kavu, gramu 60 na zaidi ni sukari. Ni sukari ya tunda, lakini mwilini inaingia katika damu kama sukari nyingine. Hata hivyo tende si chakula kibaya. Zina nyuzinyuzi zinazosaidia kupata choo vizuri, na zina madini ya potasi. Mtoto anayecheza na mkulima anayerudi shamba watapata nguvu humo. Shida ni kuzila kama dawa isiyo na kipimo.

Mahitaji

- Tende robo kilo. Ukitoa kokwa zitabaki gramu 200 hivi.
- Maji yanayochemka kikombe 1.
- Soda ya kuokea kijiko 1 cha chai.
- Mayai 2.
- Mafuta ya kupikia vijiko 4 vya chakula.
- Unga wa ngano kikombe 1 na nusu.
- Bekingpauda kijiko 1 cha chai.
- Iliki na mdalasini wa unga, na chumvi kidogo sana.

Soda tunayosema ni ile nyeupe ya pakiti. Usitumie magadi ya kulainishia maharage. Magadi ya sehemu nyingine yana madini mengi ya floridi, ambayo hutia meno ya watoto madoa ya kudumu.

Namna ya kuoka

1. Osha tende, pasua kila moja, toa kokwa na utazame kama kuna wadudu. Kokwa zitupe mbali, maana mtoto mdogo anaweza kupaliwa nazo.

2. Weka tende bakulini, nyunyiza soda ya kuokea, mimina maji yanayochemka. Acha dakika 15, kisha ziponde kwa uma mpaka ziwe kama uji mzito. Subiri zipoe, la sivyo mayai yataiva yakiwa bado bakulini.

3. Piga mayai na mafuta, changanya na tende. Chekecha unga pamoja na bekingpauda, chumvi na viungo, kisha utie kidogo kidogo. Koroga mpaka unga usionekane, uishie hapo. Ukikoroga sana mkate utakuwa mgumu.

4. Paka mafuta sufuria nzito, nyunyiza unga kidogo, mimina mchanganyiko. Usizidi nusu ya sufuria, kwa sababu utaumuka.

5. Funika kwa mfuniko wa bati usio na mshikio wa plastiki. Weka mkaa kidogo chini, na mwingi zaidi juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, mkate utaungua kabla ya kuiva katikati. Usifunue kabla ya dakika 25. Kwa kawaida huiva kati ya dakika 35 na 45. Choma kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, umeiva.

6. Acha upoe, ndipo ukate vipande 12.

Hatukutia sukari. Wengi hutia kikombe kizima, lakini jaribuni hivi mara moja, mtaona tende zinatosha.

Hesabu ya kipande kimoja

Tende zote za mkate huu zina karibu gramu 125 za sukari. Basi kila kipande kina gramu 10 hivi, yaani kama vijiko viwili vya chai, na juu yake kuna wanga wa unga. Mama yule wa vipande vinne alikuwa akila vijiko vinane kila siku bila kujua. Ukiongeza kikombe cha sukari, kipande kimoja kinapita vijiko vitano.

Mwenye kisukari asikatazwe kukaa mezani na wenzake. Ale kipande kimoja kidogo siku ya sikukuu, pamoja na chakula na siyo juu yake: apunguze wali au ugali, na chai iwe haina sukari. Dawa zake aendelee nazo kama alivyoelekezwa. Na miguu itazamwe kila jioni, hata kati ya vidole.

Kwa mama mjamzito

Gramu 100 za tende zina takriban miligramu 1 tu ya madini ya chuma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate kwa vidonge miligramu 30 hadi 60 kila siku, pamoja na foliki. Kuzipata hizo 30 kwa tende, ingembidi ale kilo tatu kwa siku! Tumewaona akina mama walioacha vidonge vya kliniki wakategemea tende, wakaja kujifungua wakiwa weupe viganjani. Mama wa namna hiyo akitokwa na damu nyingi, maisha yake yamo hatarini. Tende kula, lakini kidonge kimeze, na usikimeze na chai, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Moto na watoto

Okeni nje au mahali penye hewa ya kutosha. Gesi ya mkaa haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko lenye makaa lisiingizwe kamwe chumba cha kulala.

Sufuria yenye makaa juu huwavutia watoto, kwa hiyo mtu mzima asiondoke hapo. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, mlete hospitali. Usipake dawa ya meno, yai wala udongo.

Baada ya kula, watoto wasukutue kwa maji na wapige mswaki kabla ya kulala, kwa kuwa tende hung'ang'ania menoni.

Mkifika kliniki na mgonjwa wenu, msiwe na haya kutuambia mlichomlisha. Hatutawagombeza. Tukijua mapema, tunaweza kuuwahi mguu kabla haujaharibika.