GPS ya Mkononi: Soma Hii Kabla Bumu Halijaisha

Likizo ijayo tuko wanne tunaopanga kupanda Mlima Rungwe, kushuka hadi Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, kisha kuvuka mpaka pale Kasumulu tuingie Malawi. Njiani tutacheza jiokashi. Tumekubaliana kuchanga tununue GPS moja ya mkononi, na kwa kuwa mimi nasomea ualimu wa Jiografia na nyumbani ni Kinyala, kazi ya kuchagua nikatwishwa mimi. Hela yenyewe ni ya bumu, kwa hiyo wadau hawataki utani.

Kwa wasioujua, jiokashi ni mchezo wa kusaka kificho. Mtu anaficha kopo lenye kidaftari, anatangaza majira-nukta ya mahali pale, wewe unalitafuta, unaandika jina lako na kulirudisha ulipolikuta. Mchezo ulianza Marekani mwaka 2000. Tarehe 2 Mei serikali ya kule iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS waliyopewa raia, na kesho yake tu Dave Ulmer akaficha ndoo porini jimbo la Oregon.

Swali la kwanza la kila mtu: si nina simu? Ndiyo, na wengi wenu simu inawatosha, msinunue kitu. GPS ya simu haili bando. Inapokea tu mawimbi kutoka setilaiti zilizo kama kilomita 20,200 juu yetu, na ikizipata nne inajua ulipo hata kama umezima data. Kinachokula bando ni ramani, na ramani unaweza kuipakua kabla ya safari kwa programu kama OsmAnd. Kwa matembezi ya siku moja, mazungumzo yameisha.

Shida inaanza pale siku zinapokuwa tatu na mvua inanyesha. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na anayetujua anajua ukungu wetu: unaona mgomba ulio mbele yako, wa pili unaukisia. Kwenye msitu wa Rungwe hali kama hiyo ikikukuta na chaji iko asilimia nne, kioo kimelowa na hakisikii kidole, hapo ndipo unaelewa kwa nini kuna watu bado wanabeba kidude chenye vitufe.

Kwa hiyo mimi naanzia kwenye betri, sio kwenye kioo kizuri. Garmin eTrex 22x inatumia betri mbili ndogo za AA, na mtengenezaji anasema zinakaa hadi saa 25. Betri hizo utazipata dukani Kyela, utazipata Karonga, utazipata Ulaya. Ila chukua za alkalaini. Zile za bei ya chini kabisa zinakufa haraka. Alama ya IPX7 nayo ina maana: kifaa kinavumilia kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa.

Kuna ndugu zake wawili. eTrex 10 ni ya kawaida zaidi, lakini haina sehemu ya kadi ya kumbukumbu, na kwa msafiri wa nje ya nchi hilo ni pengo kubwa, maana vifaa vingi huja na ramani ya eneo vinapouzwa, sio ya kwetu. Kwenye 22x unaingiza ramani za bure za OpenStreetMap za Tanzania, Malawi au popote. Halafu kuna 32x, ambayo imeongezewa dira ya kielektroniki. Wauzaji hawalielezi hili vizuri. Bila dira hiyo, mshale unaonyesha sawasawa ukiwa unatembea tu. Ukisimama chini ya mti kutafuta kopo, unapoteza mwelekeo. Mwenzetu mmoja anasema tulipie 32x. Mimi nasema dira ya kawaida ya mfukoni inatosha, na tofauti ya bei iwe nauli. Bado tunabishana.

Kosa linalopoteza watu kuliko yote halihusu bei. Ni namna ya kuandika majira-nukta. Jiokashi hutumia digrii na dakika zenye desimali, mfano S 09° 15.500'. Hiyo ni sawa na digrii 9.2583. Mtu akiiingiza kama 9.155, amekosea kwa zaidi ya kilomita 11, na bodaboda atakupeleka huko huko bila kuuliza. Na usisahau S. Kifaa kikibaki kwenye N unatafuta kopo Sudan Kusini.

Wanajiografia, hili ni letu: ramani zetu za zamani za serikali za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS 84. Ukihamisha namba moja kwa moja bila kubadili mpangilio, unahama takriban mita 300. Kwenye mteremko wa Rungwe, mita 300 ni upande mwingine wa korongo.

Vifaa vinavyotuma ujumbe kwa setilaiti ni habari nyingine. Nchi kama India haziruhusu kuingia navyo bila kibali, kwa hiyo anayewaza kusoma huko aulize mapema.

Ukinunua cha mkononi mwa mtu, usikijaribu ndani ya duka. Toka nacho nje, penye anga wazi, ukiache dakika 15. Kilichotoka bara jingine kinaweza kuchelewa kupata setilaiti mara ya kwanza, muuzaji asikukimbize. Kisha tembea hatua hamsini, rudi ulipoanzia, ulinganishe namba. Zikipishana mita tano hivi, lipa.