Rekebisha Mwili Kabla ya Kulaumu Upinde

Wazee wa Kisangani wakisikia jina la Simi-Simi, kwanza hukumbuka ndege. Huo ndio uwanja wa ndege wa zamani wa mji, upande wa magharibi, kwenye ukingo wa kulia wa mto Kongo. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliangushwa hapo kutoka kwenye ndege za Marekani. Wapiganaji wa uasi wa Simba, walioushika mji tangu Agosti, walikuwa wamekwisha kupata bunduki, lakini wengi wao waliingia vitani na mikuki, mapanga na pinde, wakiamini kwamba dawa ya Mai Mulele itageuza risasi kuwa maji. Baada ya siku ile ilikuwa rahisi kwa mtu wa mjini kuuona upinde kama silaha ya walioshindwa, chombo cha kubahatisha cha asiye na bunduki.

Mtazamo huo unaudhulumu upinde. Shika barabara ya taifa namba 4 kutoka Kisangani, upite Bafwasende na Nia-Nia hadi Epulu na Mambasa. Baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 400 uko ndani ya msitu wa Ituri, nyumbani kwa Wambuti na Waefe. Wambuti wengi huwinda kwa nyavu, ilhali Waefe wanajulikana hasa kwa upinde, na kwao upinde haukuwahi kuwa wa kubahatisha. Ni ujuzi wa mwili mzima, kuanzia nyayo hadi ncha za vidole. Una kanuni zake, una makosa yake yanayojulikana, na makosa hayo yana njia za kuyasahihisha. Kijana wa Kisangani, awe wa Simi-Simi, Mangobo au Kabondo, anayetamani kujifunza upinde kama mchezo ana haki ya kuzijua.

Karibu kwanza, mbali baadaye

Upinde wa Ituri ni mfupi na mwepesi. Msitu umefunga, na mwindaji haoni mbali. Kwa mboloko na wanyama wengine wadogo wa ardhini hutumia mishale yenye kigumba cha chuma. Kwa kima walio juu ya miti hutumia mishale myembamba ya mti mtupu iliyopakwa sumu. Mishale ya namna hiyo ilitambulika duniani kwa uchungu mkubwa mwezi Agosti 1887, msafara wa mvumbuzi Stanley wenye wapagazi wengi Wazanzibari ulipopita kando ya mto Aruwimi. Luteni William Stairs alichomwa kifuani, na Wazanzibari kadhaa waliojeruhiwa pamoja naye walikufa katika siku zilizofuata. Stairs mwenyewe aliishi na kipande cha mshale mwilini zaidi ya mwaka mzima kabla ya daktari wa msafara, Thomas Parke, kukitoa.

Kazi ile ilifanywa na sumu, macho na utulivu, wala haikuhitaji mikono ya pahalawani. Mpiga upinde wa msituni husogea karibu, husimama imara, kisha huachia mshale bila mwili kutetereka. Watoto nao huanza hivyo hivyo. Kambini baba humchongea mwanawe upinde mdogo wenye mishale butu, na upinde hukua pamoja na mwili wa mtoto. Karibu na ziwa Eyasi nchini Tanzania, mvulana wa Kihadza hupata upinde wake wa kwanza akiwa na umri wa kama miaka 3, ingawa pinde za watu wazima wa kabila hilo ni nzito sana kuvuta.

Anayejifunza ukubwani mara nyingi hufanya kinyume. Hutafuta upinde mzito kwanza, akaweka shabaha mbali. Labda amesikia habari za Wawata wa Tsavo nchini Kenya, waliokuwa na pinde ndefu za kuulia tembo, zenye uzito wa kuvuta unaozidi ratili 100. Lakini Mwata hakuanza na upinde ule. Upinde unaokushinda nguvu ndio mama wa makosa mengi: bega hupanda kuelekea sikio, kichwa huinama kuufuata upote (uzi wa upinde), mkono husimama njiani kabla ya kufika usoni, na vidole huachia kwa kuchoka badala ya kuachia kwa kuamua. Mtu mzima anayeanza atosheke na ratili 20 hadi 30. Kipimo chake ni rahisi: avute hadi mwisho, ahesabu moja hadi tano akiwa ametulia, kisha arudishe upote polepole. Akitetemeka, upinde huo si wake bado.

Mshale ni shahidi asiyetosha

Mpiga upinde anapokosa shabaha hutazama mshale ulikoangukia, halafu hulenga upande wa pili ili kufidia. Hapo ndipo kosa linapoota mizizi. Mshale ulioenda kushoto unaweza kuwa umesukumwa na kiganja kilichokaza upinde, au na vidole vilivyochopoa upote kwa nje. Unaweza pia kuwa mgumu kupita kiasi kwa upinde ule, kwa sababu mshale wa mti hujipinda kidogo unapoupita upinde, na ugumu wake usipolingana na nguvu ya upinde utakwenda pembeni hata kama mpigaji hakukosea chochote. Matokeo ni mamoja, sababu ni tatu. Anayefidia kwa kulenga pengine huongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na siku akiliponya la kwanza, la pili litamtesa.

Mabingwa wa zamani walilijua hili, ndiyo maana waliandika zaidi juu ya mwili kuliko juu ya shabaha. Taybugha, mpiga upinde wa zama za Mamluki, alitunga kitabu kizima cha mafunzo mnamo 1368. Mwingereza Roger Ascham, katika kitabu chake cha mwaka 1545, aligawa kazi yote katika hatua tano: kusimama, kutia mshale kwenye upote, kuvuta, kushikilia na kuachia. Kisha akaorodhesha vituko vya wapigaji wa siku zake, wanaokunja nyuso, wanaopinda shingo, wanaorusha mikono hewani. Ukimsimamisha anayeanza leo mbele ya gunia la matambara, utaviona vituko vile vile.

Makosa na dawa zake

Tuanze na mkono unaoshika upinde. Hofu ya kuangusha upinde humfanya mwanafunzi aukamate kama mpini wa shoka, na ngumi ile hugeuza upinde kidogo kila anapoachia. Upinde ulalie nyama iliyo chini ya kidole gumba. Vidole vingine vilegee, viuzuie tu usianguke. Kiwiko nacho kina siri yake. Kama upande wake wa ndani umeelekea juu, upote utapita juu ya nyama ya mkono na kuichapa hadi ivimbe. Dawa yake hufanyiwa mazoezi bila upinde kabisa. Weka kiganja ukutani, mkono ukiwa umenyooka, kisha zungusha kiwiko hadi upande wa ndani uelekee pembeni, kiganja kisisogee. Kinga ya ngozi isaidie pia. Wapiga upinde wa Ituri huvaa kinga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Lakini kinga isitumike kuficha kiwiko kibaya.

Mkono wa kuvuta unahitaji kituo kimoja usoni, kwa mfano kidole cha shahada kugusa pembe ya mdomo. Kituo kikihama kwa upana wa kidole tu, nguvu ya mshale hubadilika, na urefu wa kuruka kwake hubadilika nao. Wengi hufika kwenye kituo, kisha wakati wa kulenga mkono huteleza mbele polepole bila wao kujua. Kosa hili ni gumu kuliona kwa sababu mpigaji anatazama mbele wakati huo. Tiba yake iko mgongoni. Kiwiko cha nyuma kiwe katika mstari mmoja na mshale, na nyama zilizo kati ya mabega ziendelee kuvuta hadi upote uondoke. Aliyevuta kwa mgongo, mkono wake utarudi nyuma wenyewe kuelekea sikio. Aliyevuta kwa mkono mtupu, mkono wake utabaki palepale au utaruka nje.

Kuachia ni kutoshika tena. Vidole vilegee, upote uvifungue. Anayejitahidi kuvifungua kwa nguvu huusukuma upote pembeni, na mshale huondoka ukiyumba. Kisha kuna tamaa ya kuona: mpigaji huinua kichwa au kushusha mkono wa mbele ili atazame mshale unavyokwenda, nao mshale, ambao bado haujaachana na upote, huchukua mwendo ule wa mkono. Amri ni moja tu: mkono wa mbele ubaki mahali pake mpaka usikie mshale ukigonga.

Kosa linaloumiza moyo kuliko yote ni lile la vidole kuachia vyenyewe jicho linapoona tu shabaha, kabla mkono haujafika kituoni. Limewatoa katika mchezo hata wapigaji wakubwa, wala haliponi kwa kupiga mishale mingi zaidi. Ondoa shabaha. Simama mbele ya gunia kwa hatua tatu au nne, vuta, fumba macho, usikilize mwili kutoka nyayo hadi kidole, kisha achia. Katika kila mishale michache, vuta na urudishe upote polepole bila kupiga. Ila usiachie kamwe upote mtupu usio na mshale. Upinde wa mti unaweza kupasuka.

Jicho la mwingine

Je, wingi wa mishale haumfundishi mtu? Mwaka 2002 watafiti Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa Wahadza. Watoto waliokosa miaka ya maisha ya porini kwa sababu ya shule ya bweni hawakuwa wabaya zaidi katika kulenga shabaha kwa upinde kuliko wenzao waliokulia porini siku zote. Mimi nalichukua hilo kuwa faraja kwa kijana wa mjini. Miaka aliyoikosa si ukuta. Anachokosa kweli ni mtu wa kumtazama, kwa maana hakuna mpigaji anayekiona kiwiko chake cha nyuma.

Kwa hiyo wajifunze wawili wawili. Mmoja apige, mwingine asimame nyuma yake atazame jambo moja tu: leo bega, kesho kituo, keshokutwa kiganja. Maonyo matano kwa mpigo humfunga mtu mwili. Simu yenye kamera ifanye kazi hiyo pale mwenzako asipokuwepo. Wachague eneo wazi lenye kinga ya udongo nyuma ya gunia, mbali na uzio wa uwanja wa ndege na njia za watu, wala pasiwe na mtu mbele ya mstari mpaka kila mmoja ameweka upinde chini. Mishale ya mchezo isiguswe na sumu. Na tuwape heshima wazee wa Ituri wanaojua kuchonga na kusuka upote: waalikwe kama walimu wanaolipwa ujira, si kama maonyesho ya sikukuu.

Maendeleo nayo yasipimwe kwa idadi ya mishale iliyogonga katikati. Mwanafunzi anayevuta hadi kituoni, akahisi bega limepanda au kiganja kimekaza, akarudisha upote taratibu na kuanza upya, huyo ameshajua kujisahihisha. Shabaha itamfuata.