Maegesho ya Lazima: Nani Hulipia Nafasi ya Gari?

JIJI NA GARI: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliona jinsi New York ilivyoanza mwaka 1916 kuigawa ardhi yake kwa kanda, huku nyumba za kuishi, kule maduka, mbali zaidi viwanda. Na jinsi Mahakama ya Juu ya Marekani ilivyoyapa mamlaka ya miji nguvu hiyo mwaka 1926 katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio. Leo nachukua kifungu kimoja tu cha kanuni hizo, kile kinachomtaka mwenye kiwanja atenge ndani ya kiwanja chake idadi maalumu ya nafasi za kuegesha magari kabla hajapewa kibali cha ujenzi. Wasomaji wengi hawajawahi kukisikia. Hata hivyo, sioni kifungu kingine kilichoibadilisha sura ya miji ya karne ya 20 zaidi kuliko hiki.

Ukikitazama juu juu hakina ubaya. Anayejenga hoteli huvuta wageni, na wageni huja na magari. Kwa nini magari hayo yakasongamane mbele ya milango ya majirani? Ndivyo walivyoona viongozi wa Columbus, Ohio, walipoweka sharti hilo kwa majengo ya fleti mwaka 1923, na ndivyo walivyoona wenzao wa Fresno, California, mwaka 1939 kwa hoteli na hospitali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sharti lilienea Marekani nzima. Magari yalikuwa yameongezeka mno, na madiwani walilipenda kwa sababu moja zaidi: halikugusa bajeti ya jiji hata senti. Gharama yote ilimwangukia mwenye jengo, naye akaihamishia kwenye kodi ya pango na kwenye bei ya kila kitu kilichouzwa humo. Tangu hapo hakuna aliyeiona tena.

Tupige hesabu. Gari moja, ukijumlisha mahali linaposimama na njia ya kulifikia, huhitaji kiasi cha futi za mraba 330, yaani kama mita za mraba 30. Hilo ni eneo linalotosha chumba na sebule. Kanuni za miji mingi ya Marekani zilidai nafasi nne kwa kila futi za mraba 1,000 za ofisi. Nne mara 330 ni 1,320, kwa hiyo magari yalitengewa eneo kubwa kuliko watu wanaofanya kazi ndani. Mkahawa mara nyingi ulidaiwa nafasi kumi kwa eneo hilohilo, maana yake lami mara tatu ya ukubwa wa mkahawa wenyewe. Anayepita katika vitongoji vya California au Texas na kushangaa kwa nini kila duka limekaa peke yake katikati ya uwanja mkubwa wa lami ajue kwamba soko halikuchagua sura hiyo. Iliandikwa katika sheria ndogo za mji, kwa tarakimu.

Tarakimu zenyewe zilitoka wapi? Mtu aliyetumia miaka mingi kulichunguza swali hili ni Donald Shoup, mchumi na profesa wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki Februari 2025. Kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu gharama ya maegesho ya bure kilianza kama hoja ya mtu mmoja. Leo wakuu wa mipango miji katika mabara kadhaa wanakirejea. Shoup alikusanya kanuni za miji mbalimbali akaziweka pamoja. Bwawa la kuogelea lilidaiwa nafasi moja kwa kila galoni 2,500 za maji. Nyumba ya watawa, nafasi moja kwa kila watawa kumi. Kinyozi, nafasi mbili, msusi, tatu. Hakuna utafiti uliosema kwamba maji yakiongezeka magari huongezeka. Afisa alitakiwa kuandika namba, akatafuta kitu kinachohesabika, na akikosa akanakili ya mji jirani, ambao nao ulikuwa umenakili kwingine.

Palipokuwa na vipimo, hali haikuwa bora sana. Taasisi ya Wahandisi wa Usafirishaji ilitoa kitabu cha viwango ambacho maafisa walikitegemea kama msahafu. Katika toleo la 1987, mikahawa ya vyakula vya haraka yenye dirisha la kuwahudumia watu wakiwa garini ilipimwa katika sehemu 18. Wastani ulioandikwa ulikuwa nafasi 9.95 kwa kila futi za mraba 1,000. Lakini ukizitazama takwimu zenyewe, ukubwa wa mkahawa ulieleza chini ya asilimia 4 ya tofauti za magari yaliyokutwa pale. Mkahawa mdogo uliweza kuwa na magari mengi, mkubwa ukawa na machache. Kosa la pili lina uzito zaidi. Vipimo hivi vilichukuliwa kwa kawaida vitongojini, mahali pasipo na basi la maana, palipo na maegesho ya bure, tena katika saa yenye magari mengi kuliko zote. Maegesho ya bure yalivuta magari, magari yakahesabiwa, hesabu ikageuzwa kuwa sheria, na sheria ikaleta maegesho mengine ya bure. Mduara huo umezunguka kwa zaidi ya nusu karne.

Madhara yake yalipimwa mapema huko Oakland, California. Mwaka 1961 mji huo ulianza kudai nafasi moja ya gari kwa kila fleti mpya. Utafiti uliolinganisha miradi ya kabla na baada ulikuta kwamba gharama ya kujenga fleti moja ilipanda kwa asilimia 18, idadi ya fleti katika eneo lilelile ilishuka kwa asilimia 30, na thamani ya ardhi ilianguka kwa asilimia 33. Yote hayo yalifanywa na sharti la nafasi moja tu! Wajenzi waliacha nyumba ndogo nyingi za bei nafuu wakajenga chache kubwa za gharama, kwa kuwa nyumba ndogo na kubwa zilidaiwa nafasi sawa. Aliyekuwa akitafuta chumba cha kuanzia maisha ndiye aliyekosa. Utafiti wa karibuni zaidi, wa Gabbe na Pierce mwaka 2017, ulikadiria kwamba mpangaji wa mjini Marekani hulipa kama dola 1,700 kwa mwaka, karibu asilimia 17 ya kodi yake, kwa ajili ya nafasi ya gereji iliyofungwa pamoja na nyumba. Hulipa hata akiwa hana gari. Na wasio na gari ni akina nani? Ni wazee, vijana wanaoanza kazi, wahamiaji na maskini. Sharti linalosemekana kuwa la manufaa ya wote huwachangisha wasiojiweza ili wenye magari waegeshe bure. Hapo ndipo ninapokataa kuliita suala la kiufundi.

Kisa cha Ukumbi wa Walt Disney jijini Los Angeles kinastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Ukumbi huo wa muziki ulibuniwa na msanifu Frank Gehry. Kabla jengo lenyewe halijasimama, kilijengwa kwanza kilicho chini yake: gereji ya ghorofa sita chini ya ardhi yenye nafasi 2,188, iliyokamilika mwaka 1996 kwa dola milioni 110, yaani kiasi cha dola 50,000 kwa kila gari. Fedha za ukumbi zikakwama. Kwa miaka kadhaa jiji lilikuwa na gereji ya ukumbi wa muziki usiokuwepo. Ukumbi ulifunguliwa Oktoba 2003, na mkataba wake ulitaka zifanyike angalau tamasha 128 kila msimu wa baridi, kwani deni la gereji lilitegemea ada za magari ya wasikilizaji. Msikilizaji huendesha hadi chini ya jengo, hupanda ngazi za umeme, husikiliza muziki, hushuka, huondoka. Mguu wake haugusi barabara ya katikati ya jiji. San Francisco walijenga Ukumbi wa Davies mwaka 1980 bila gereji. Tamasha likiisha watu humwagika barabarani, mikahawa na maduka ya jirani yakapata wateja. Shoup alionyesha kwamba kima cha chini kilicholazimishwa na Los Angeles kwa ukumbi wa aina hii ni mara 50 ya kima cha juu kilichoruhusiwa San Francisco. Ni jimbo moja, na sheria zake zimezaa miji miwili tofauti kabisa.

Los Angeles yenyewe ilikuja kutoa ushahidi dhidi ya kanuni yake. Mwaka 1999 iliruhusu majengo ya zamani ya katikati ya jiji, mengi yakiwa ofisi na benki zilizohamwa, yageuzwe makazi bila kuongezewa maegesho. Hadi mwaka 2008 nyumba takriban 6,900 zilikuwa zimepatikana kwa njia hiyo, kwenye majengo yaliyokuwa matupu kwa miaka mingi. Wapangaji waliotaka gari walikodi nafasi katika gereji za karibu.

Mageuzi yakafuata kwa kasi. Buffalo, katika jimbo la New York, ilifuta kima cha chini mji mzima mwaka 2017. Hartford ilifuata mwaka huohuo, kisha San Francisco mwaka 2018, Edmonton ya Kanada mwaka 2020, Minneapolis mwaka 2021 na Austin mwaka 2023. California ilipitisha sheria, inayotumika tangu Januari 2023, inayozuia miji kudai maegesho kwa majengo mengi yaliyo ndani ya nusu maili kutoka kituo kikuu cha usafiri wa umma. Columbus, kule kulikoanzia yote, ililiondoa sharti kwenye barabara zake kuu Julai 2024. London na Mexico City zimekwenda mbele zaidi, zikageuza kima cha chini kuwa kima cha juu, moja mwaka 2004, nyingine 2017. Japani ina njia yake: tangu mwaka 1962 anayetaka kusajili gari sharti apate hati ya polisi kuthibitisha kwamba ana mahali pa kuliegesha, pasipozidi kilomita mbili kutoka kwake. Mzigo umewekwa kwa mwenye gari, na hapo ndipo unapostahili kuwa.

Wapo wanaohofia kwamba kufuta sharti ni kupiga marufuku maegesho. Buffalo inajibu. Watafiti waliochunguza miradi mikubwa 36 baada ya mageuzi walikuta kwamba asilimia 47 ilijenga nafasi pungufu ya zile zilizodaiwa zamani. Mingine iliendelea kujenga kiwango kilekile au zaidi. Mwenye jengo aliamua kwa kuwatazama wateja wake. Mahitaji ya watu wenye ulemavu, magari ya wagonjwa na upakuaji wa mizigo ni jambo jingine kabisa, na hayo sheria iyalinde popote pale.

Sasa tujitazame. Tanzania na Kenya nazo zina viwango vya maegesho katika kanuni zao za mipango miji, na ramani ya jengo hukaguliwa kwa viwango hivyo. Lakini miji yetu si Fresno. Wengi wa wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam hutembea kwa miguu, hupanda matatu, daladala au bodaboda, na Dar es Salaam ina mabasi ya mwendokasi tangu mwaka 2016. Kiwanja cha Kariakoo ni kidogo. Ukichora humo njia ya magari kushuka chini au kupanda ghorofani, njia hiyo peke yake inameza upande mzima wa chini uliokuwa utoe fremu za maduka. Badala ya fremu nne zinazolisha familia nne, mpita njia anakuta geti la chuma na mlinzi. Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na 2001, isingejengwa kamwe kama kila nyumba ingedaiwa nafasi ya gari.

Bado tuna nafasi ambayo Marekani waliipoteza: kwetu wenye magari bado ni wachache, na lami ya lazima bado haijameza viwanja vyetu vyote. Nawaomba madiwani na wajumbe wa mabaraza ya kaunti wanaosoma safu hii wafanye jambo moja rasimu ijayo itakapofika mezani. Watafute jedwali la maegesho, wamwoneshe afisa kila namba kwa kidole, wamuulize ilipimwa wapi, lini, na kwa watu gani. Akishindwa kujibu, namba hiyo iondolewe. Nawe msomaji, ukiitwa kwenye mkutano wa wadau kuhusu mpango wa mtaa wako, nenda ukaulize vivyo hivyo.

Limebaki swali la majirani wanaohofia magari ya wageni kujaa milangoni mwao. Wiki ijayo nitalijibu kwa mfano wa Old Pasadena, California, ambako mwaka 1993 ziliwekwa mashine za kulipia maegesho barabarani na fedha zake zikarudishwa kwenye mtaa uleule.