Mshipi Usiotatana: Utunzaji na Usafirishaji wa Zana za Ndoana

Zana za ndoana, yaani zile zinazomnasa samaki kwa kulabu yenye chambo badala ya kumzingira kwa wavu, zina maumbo mengi katika maji ya Afrika Mashariki. Uko mshipi wa mkono, ambao ni uzi mmoja wenye ndoana moja au mbili na chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuuzamisha. Uko mgonzo wa Ziwa Victoria, ambao kwa pwani hujulikana kama dhulumati, wenye kamba kuu ndefu iliyofungiwa ndoana nyingi. Na iko fimbo ya kuvulia yenye rili, yaani gurudumu dogo la kukunjia uzi, ambayo hutumiwa zaidi katika uvuvi wa burudani wa Malindi, Watamu, Shimoni na Mafia. Zana hizi zote zina adui mmoja, naye ni uzi kutatana kabla haujafika majini, na mara nyingi adui huyo huzaliwa bandani au njiani wala si baharini. Wengi hulichukua jambo hili kuwa mkosi wa siku, ilhali kutatana kuna sababu zinazofahamika, na kila njia nzuri ya kuhifadhi uzi ni njia ya kuiondoa mojawapo ya sababu hizo.

Mwaka 2007 Dorian Raymer na Douglas Smith wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonekana ya kitoto lakini yenye manufaa makubwa kwa yeyote anayeshika mshipi: walitia uzi ndani ya sanduku, wakalizungusha, kisha wakatazama kama uzi umejifunga fundo, na kazi hiyo wakairudia zaidi ya mara 3,000. Ilibainika kwamba mafundo hujifunga katika muda wa sekunde chache tu. Kwamba uzi mfupi usiofika nusu mita kwa kawaida haujifungi. Na kwamba uzi mgumu, au sanduku dogo linaloubana uzi usichezecheze, hupunguza mafundo. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba uzi ukiwekwa kwa pindi, yaani mizunguko iliyolaliana, ncha yake iliyo huru hupenya juu na chini ya pindi za jirani kila chombo kinapotikiswa, na kwa kupenya hivyo mara kadhaa fundo hukamilika bila mkono wa mtu. Hakuna maelezo bora kuliko hayo ya kile kinachotokea ndani ya ndoo ya mishipi iliyofungwa nyuma ya pikipiki katika barabara ya makorongo. Mambo mawili yanafuata hapo: ncha ya uzi isiachwe huru kamwe, na chombo cha kuhifadhia kisiwe na nafasi ya uzi kutembea.

Sababu nyingine, ambayo wengi hawaioni kwa kuwa imejificha ndani ya uzi wenyewe, ni msokoto. Uzi uliosokoteka kupita kiasi hauvumilii kulegea: mara tu mvuto unapoondoka hujikunja na kufanya kitanzi kidogo, na kitanzi hicho kikivutwa kwa nguvu hugeuka kikunjo kikali ambacho huudhoofisha uzi mahali hapo hata baada ya kunyooshwa. Msokoto huingia kwa namna uzi unavyokunjwa. Desturi ya kuuzungusha baina ya kiganja na kiwiko, ingawa ni ya haraka, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kila mzunguko huacha msokoto mmoja, na hivyo mita 100 zilizokunjwa kwa mizunguko ya mita 1 hubeba misokoto ipatayo 100 inayongoja uzi ulegee. Kanuni inayopaswa kushikwa ni kwamba uzi utoke kwa njia ileile ulivyoingia: uliokunjwa kwa kukizungusha kigurudumu ufunguliwe kwa kukizungusha kigurudumu, na uliokunjwa kwa mkono kukizunguka kitu kilichotulia ufunguliwe kwa mkono kurudi upande uleule. Anayenunua robota jipya la uzi na kulilaza chini huku uzi ukichopoka upande mmoja, wakati rili inauvuta kwa kuzunguka, huanza safari na kasoro ambayo hakuitengeneza baharini.

Kwa mshipi wa mkono tiba ni kongwe na rahisi, nayo ni kibao chenye pengo katika kila ncha, ambacho uzi hukunjwa juu yake kwa umbo la nane. Mkono unapopita pengo la juu huelekea kulia, unapofika chini hukata katikati na kuelekea kushoto, na msokoto unaoingia katika nusu ya kwanza hufutwa na ule wa nusu ya pili, hivi kwamba uzi hubaki jinsi ulivyotoka kiwandani. Chubwi lenye uzito lifungwe kando, kwa kuwa likiachwa lining'inie hupiga piga na kuzivuta pindi zilegee. Ndoana ichomwe ndani ya ubao wenyewe au katika kipande cha mpira kilichogongomelewa humo. Chupa ya plastiki, ambayo siku hizi imechukua nafasi ya kibao katika mitumbwi mingi, inafaa pia, ila isiwe laini mno, kwani uzi uliokunjwa ukiwa umevutika huibana mpaka ikabonyea, na pindi za juu zikateleza zote kwa pamoja.

Mgonzo ni suala zito zaidi. Kamba yake kuu hubeba vitawi, yaani nyuzi fupi zinazoning'inia kila moja na ndoana yake, na kila ndoana iko tayari kunasa kitawi cha jirani, kamba kuu au kidole cha mvuvi. Uzuiaji huanza wakati wa kuufunga, kabla suala la kuhifadhi halijafika: umbali baina ya kitawi na kitawi uzidi mara mbili ya urefu wa kitawi kimoja, ili ndoana mbili zilizo jirani zisiweze kukutana hata zikinyooshwa kuelekeana. Mtunzi wa mgonzo anayebana vitawi ili aongeze idadi ya ndoana za kumtegea sangara hupata hasara mara mbili, kwanza majini na tena wakati wa kuukusanya.

Baada ya kuvua, mgonzo huwekwa katika sanduku la mbao au beseni pana, na kazi hii haitaki papara. Mwisho wa kamba kuu, ule utakaotoka wa mwisho, hufungwa kwanza nje ya chombo ili usipotelee chini. Kamba kuu hulazwa ndani kwa pindi pana zinazofuatana. Na kila kitawi kinapofikiwa, chambo kilichobaki huondolewa, kitawi huvutwa mpaka ukingoni, na ndoana huchomekwa hapo, ncha ikitazama nje, karibu na ile iliyotangulia na bila kuivuka. Ukingo wenye kipande cha kandambili kuukuu kilichobandikwa hushika ndoana vizuri kuliko ubao mtupu. Mpangilio ukihifadhiwa hivyo, ndoana iliyochomekwa ya mwisho ndiyo itakayotoka ya kwanza, na kamba kuu hujitoa pindi kwa pindi mtumbwi unapokwenda. Lakini ndoana moja ikirukwa na kuwekwa baadaye mahali pasipo pake, mtego mzima utasimama papo hapo, tena mara nyingi usiku na katika mawimbi. Kabla ya kusafirisha, gunia au kitambaa kilicholoweshwa hutandazwa juu na kukazwa kwa kamba, ili pindi zisiruke.

Fimbo ya kuvulia huleta ugumu wa namna nyingine, kwa sababu mwenyewe hupenda kuiacha imefungwa uzi na ndoana tayari kwa siku inayofuata. Hilo linawezekana. Chubwi liondolewe, ndoana ishikizwe kwenye kijishikio kilicho karibu na mpini, au kwenye mguu wa pete, yaani ule waya unaoishikilia pete ya kupitishia uzi, wala isitiwe ndani ya pete yenyewe, ambayo kwa kawaida ina kauri ngumu inayoweza kumeguka na baadaye kuukata uzi, kisha rili izungushwe mpaka uzi uache kulegea, na iishie hapo kabla ncha ya fimbo haijaanza kupinda. Fimbo ya vipande viwili itenganishwe, vipande vilazwe sambamba na kufungwa sehemu mbili kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, na uzi uliobaki ukunjwe kwa kukizunguka kifungu hicho kabla ndoana haijashikizwa. Fimbo kadhaa zikisafiri pamoja, kila moja ivikwe mfuko wake mwembamba wa kitambaa, na zipangwe mpini wa moja ukiwa kwenye ncha ya nyingine, kwa kuwa rili zikikaa mahali pamoja hugongana na kunasa nyuzi. Kwa daladala au basi hakuna kinachoshinda bomba la plastiki la mafundi bomba lililozibwa pande zote mbili, mradi nafasi inayobaki ndani ijazwe vitambaa.

Haitoshi kuzuia kutatana ikiwa uzi wenyewe unaachwa uzeeke. Nyingi za nyuzi hizi ni za nailoni, ambayo iligunduliwa Marekani mwaka 1935 katika maabara ya Wallace Carothers, nayo ina tabia ya kulikumbuka umbo: ikikaa muda mrefu katika pindi ndogo hubaki imejiviringa na kuwa nyepesi kutatana, ndiyo maana kigurudumu kipana ni bora kuliko chembamba. Jua huidhoofisha, kwa hiyo mishipi isiachwe juu ya paa baada ya kukauka. Chumvi isuuzwe kwa maji baridi, hasa kwa ajili ya ndoana na vyuma vya rili. Tindikali kali huila nailoni, jambo linalostahili kuangaliwa katika vyombo vinavyobeba betri za gari kwa ajili ya taa za usiku, kwani tone lililomwagika huweza kuukata mgonzo ambao kwa macho ulionekana mzima.

Uzi ulioshindikana kufumuliwa usitupwe majini wala kuachwa ufukweni, kwa kuwa nailoni haiozi haraka na huendelea kunasa kasa, ndege na samaki bila faida kwa yeyote. Mvuvi aukate vipande vifupi visivyozidi urefu wa kiganja, avitie katika chupa yenye kifuniko, na kuifikisha chupa hiyo nchi kavu pamoja na samaki wake.